Gari Jekundu na Sufuria ya Pilau

Mume wangu alilichagua gari la kukodi kwa macho, jinsi watu wanavyochagua tikiti maji. Alikuwa amejinyoosha kwenye zulia la ukumbini, nyumbani kwetu Mabela, simu kaisogeza karibu na pua kwa sababu hapendi kuvaa miwani mbele ya watu, hata kama watu wenyewe ni mimi peke yangu. Akaniita nije nitazame. Nikaona gari jekundu, milango miwili, juu wazi. Nikamuuliza paa liko wapi.

"Lipo," akasema. "Linakunjwa. Unabonyeza hapa, linaingia ndani lenyewe."

"Na ukitaka kivuli?"

"Unabonyeza tena."

Sisi ni watu wa Maskati. Kwetu mtu anazunguka mtaa mzima kutafuta mti wa kuegesha gari chini yake, na akiupata anajisifu kwa wenzake. Huyu bwana ndiye bingwa wao. Ijumaa hufika msikitini wa mwisho na kuswali kwenye safu ya nyuma kabisa, kwa kuwa huwa anahangaikia kivuli. Sasa alitaka avuke bahari akakodi jua. Nikamwambia hivyo hivyo. Mume wangu akishaamua jambo hunyamaza, na kunyamaza kwake kuna adabu nyingi hata anayesema naye ndiye anayeonekana mgomvi. Nimeishi naye umri mzima nikionekana mgomvi.

Safari yenyewe haikuwa ya gari. Tulikuwa tunakwenda Arizona kumwona binti yetu, na gari lilikuwa la siku mbili tu, kwenda kaskazini kwenye majabali mekundu na kurudi. Mungu alitupa mtoto mmoja. Alikwenda Marekani kusomea maji, jinsi yanavyokaa chini ya jangwa na namna ya kuyatoa bila ya kuyamaliza, na mimi nilifurahi kupita kiasi kwa sababu niliona hiyo ni elimu ya kurudi nayo nyumbani. Jangwa tunalo. Shida ya maji tunayo. Nilikuwa nikiwaambia walimu wenzangu skuli, kabla sijastaafu, kwamba mwanangu atakuja kufanya kazi hapa hapa, na kila asubuhi nitamsikia akishuka ngazi.

Ngazi zenyewe tulizijenga kwa ajili yake. Tulipohamia Mabela, mchanga ulikuwa mwingi kuliko majirani, na watu wa Ghubra walituuliza kama tumefukuzwa mjini. Tulitaka kiwanja kikubwa. Tulitaka nyumba yenye ghorofa ya juu, na huko juu vyumba vyake, na akiolewa vya kwao. Mpaka leo huwa napanda kufungua madirisha ili hewa ipite. Nakaa kidogo kwenye kitanda ambacho hajakilalia mtu, halafu nayafunga kwa sababu ya vumbi.

Basi siku moja binti yetu akapiga simu. Alisema wamempa kazi huko huko alikosoma, na bado hajawajibu.

"Baba kanipa radhi yake hata sijamaliza kusema," akaniambia. "Yako nnaitaka, mama, ila siwezi kuiomba kwenye simu. Njooni. Nikuombe uso kwa uso."

Nilimgeukia baba yake. Alikuwa akizitoa kokwa tende kwa bidii ambayo tende hazikuihitaji.

"Ushampa?"

"Nshampa," akasema. "Lakini mimi baba tu. Anakusubiri wewe."

Kweli alikuwa ananisubiri mimi. Nilimlea hivyo mwenyewe. Tangu mdogo nilimfundisha kwamba mtoto haendi mahala pa mbali bila ya radhi ya mama yake, na kwamba kazi, ndoa na safari visivyo na radhi havina raha. Nilimfundisha nikidhani namfungia mlango kwa ndani. Sikufikiri kwamba iko siku atanijia na maneno yangu mwenyewe, kwa heshima zote, akae mbele yangu angoje. Nikisema hapana, angerudi Maskati. Hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu. Wala asingenuna. Kwa hiyo nilipanga nguo zangu, nikapanga na neno langu. Nilikuwa nakwenda kusema hapana.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Ghubra kumuaga mama yangu. Mama anakaa na kaka yangu, kwenye kiti chake mbele ya televisheni, na magoti yake anayasema kama wakwe wabaya. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati na mume na watoto, mimi nikiwa mkubwa wa kutosha kukumbuka harufu ya jahazi na joto la hapa lilivyotupokea. Nilimweleza habari yote. Alisikiliza jicho moja likiwa kwenye tamthilia.

"Wewe usimwambie kitu," akasema. "Mpikie. Ale vya kwao mpaka akumbuke mwenyewe. Utaona."

Akaniamrisha nifungue kabati la jikoni nichukue visheti alivyokuwa amevikaanga jana yake, amekaa kwenye kigoda, magoti na malalamiko na yote. Nikachukua na achari ya embe. Njiani kurudi Mabela nilinunua haluwa, tende, kahawa na iliki, na udi kidogo, maana nyumba ya msichana lazima inukie. Nyama nilijua haitaruhusiwa kupita uwanja wa ndege wa kule. Hiyo ningeinunua huko huko. Mume wangu alinitazama nikifunga maboksi kwa gundi ya karatasi, akauliza kama tunakwenda kutembea au kufungua duka.

Niseme ukweli, nilipomwona mwanangu pale uwanja wa ndege nilisahau yote niliyoyapanga. Alikuwa amekata nywele, niliona hilo kwa umbo la mtandio wake. Amekonda uso. Nilimshika nikamnusa shingoni kama alivyokuwa mchanga, na watu wanapita na masanduku yao. Nilikuwa na hamu naye iliyonikaa kwenye mifupa. Nikajua hapo hapo kwamba sina mpango wa kumwachia mtu yeyote, si Arizona wala mwenye kazi wake.

Siku za mwanzo nilipika. Jiko lake lilikuwa dogo na mwiko wake ulikuwa wa plastiki, jambo ambalo nililiona kama tusi. Tulikwenda kwenye duka la Wahindi tukapata viungo, na sufuria kubwa yenye mfuniko. Jioni ya kabla ya safari nilichoma nyama, nikakaanga katlesi na sambusa, na asubuhi yake, baada ya kuswali, nikapika pilau ya watu kumi. Sisi tulikuwa watatu. Nikaifunika sufuria, nikaivingirisha kwenye blanketi la mwanangu ili ikae na moto wake mpaka mchana, nikaifunga kwa mshipi wa koti. Kwetu familia haitoki kwenda hata Nakhal kukaa chini ya mitende bila ya sufuria na chupa ya chai. Sembuse safari ya siku mbili kwenye nchi ya watu.

Mahala pa kukodi gari tulihudumiwa na bibi mmoja wa makamo, mwenye kucha ndefu za rangi ya samawati. Alitutembeza kiwanjani mpaka kwenye gari letu. Sijapata kumwona mume wangu na uso ule. Mtu huyu kafanya kazi wizarani mpaka kustaafu, kila siku kanzu nyeupe, kofia iliyonyooka, na kwenye barabara kuu ya Maskati anakwenda upande wa kulia, polepole, nyuma ya malori ya maji. Alilizunguka lile gari mikono ikiwa nyuma. Aligusa mlango kwa kidole kimoja. Aliniambia, kama mtu anayenipa habari ya mtu wa tatu, kwamba alipokuwa kijana aliliona moja la namna hii likipita mtaa wa Qurum, kule kwetu, likamkaa akilini, na hakuwahi kumwambia mtu.

Tukapakia. Sufuria ya pilau ndani ya blanketi, sanduku la barafu lenye maji na nyama, boksi la visheti na haluwa, chupa mbili za chai, begi la nguo, jamvi, miswala. Buti likajaa, likabonyezwa, likafungwa. Mume wangu akakaa kwenye usukani, akasema bismillahi, akabonyeza kitufe.

Hakikutokea kitu. Akabonyeza tena. Kioo cha mbele ya usukani kikaandika maneno, na yule bibi mwenye kucha akarudi mbio, akafungua buti, akachungulia, akacheka kidogo halafu akajizuia. Akatueleza. Paa likikunjwa linakwenda kulala ndani ya buti. Kuna pazia gumu la kushushwa, na chini yake panabaki nafasi ya mikoba miwili mitatu. Mzigo ukipita hapo, paa halifunguki, na hata ulisukume vipi halitafunguka.

Sote tukaitazama ile sufuria.

"Tuviache kwenye gari yangu," binti yangu akasema. "Tunarudi kesho tu, mama."

"Chakula kilale kwenye gari, juani?"

"Basi viweke nyuma na mimi."

Nyuma kwenyewe palikuwa pa kukaa paka. Nilisema tutaenda na paa limefungwa, tukifika tutakula, mzigo utapungua, na kesho watafungua wanavyotaka. Nilisema kwa sauti ya darasani. Mume wangu aliitikia kwa kichwa, kwa upole, akafunga mkanda. Tukatoka kwenye kiwanja kile na gari jekundu la starehe lililofungwa gubigubi, binti yangu amekunjwa kiti cha nyuma magoti yakimgusa kidevu, na harufu ya pilau imetujaa. Tungeweza kuwa kwetu, kwenye barabara ya Barka.

Mandhari nayo haikusaidia. Majabali makavu, miti ya miba, barabara nyeusi iliyonyooka, jua. Nilisema kwamba tumesafiri siku nzima angani kuja kuitazama Oman.

"Ndiyo maana nnapapenda," akasema binti yangu kule nyuma. Kisha akasogeza kichwa chake katikati ya viti vyetu. "Mama, nilikuwa nataka..."

"Chukua kisheti," nikamwambia, maana boksi na chupa moja ya chai nilikuwa nimevipakata.

Akachukua. Baada ya muda akaanza tena, "Mama," nikamwuliza kama anataka chai. Mchana ule wote nilikuwa hivyo. Kila nilipoisikia sauti yake ikishuka, ile sauti ya kuomba, mkono wangu ulikuwa ndani ya boksi. Mume wangu alitazama barabara tu, lakini nilimwona akivuta pumzi. Nilikuwa naogopa. Hapana nilikuwa nayo tayari mdomoni, na bado nilikuwa naogopa kuombwa, kwa sababu akishaniomba na nikishasema, uso wake nitauona.

Tulisimama kwenye sehemu ya kupumzikia, tukatandika jamvi, tukala. Pilau ilikuwa bado moto. Mwanangu alikula kwa mkono, sahani ya kwanza, akapakua ya pili, akalamba vidole, akafumba macho. Alisema hajala hivi tangu aondoke nyumbani. Moyo wangu ukafunguka. Nikaona mama yangu hakukosea, chakula kimefanya kazi, mtoto anarudi bila ya mimi kusema neno. Kumbe alikuwa na njaa. Alipoosha mikono alisimama akayatazama yale majabali, akaanza kumweleza baba yake mvua inapita wapi na inakaa miaka mingapi chini ya mawe, na alikuwa anaeleza kwa mikono yote miwili. Nilivifunika vyakula.

Jioni tulifika kwenye mji mdogo wenye mawe mekundu kweli kweli, tukalala kwenye hoteli ya kando ya barabara. Paa halikufunguliwa. Hakuna aliyelitaja.

Asubuhi baada ya alfajiri nilisimama dirishani kungoja maji ya chai yachemke. Kulikuwa na baridi, nyasi zimeganda. Mume wangu nilidhani amekwenda kutembea. Hakuwa ametembea. Alikuwa kwenye gari, peke yake, kiti cha dereva, gari limezimwa na paa limefungwa, mikono yote miwili kwenye usukani. Amekaa tu. Baada ya kitambo akainua kichwa akalitazama lile paa kwa ndani, akalipapasa kwa kiganja, akarudisha mkono kwenye usukani.

Nikaona huruma iliyonichoma. Huyu mtu hajaniomba kitu. Tumejenga nyumba pale nilipotaka, mtoto akasoma alipotaka yeye, gari akanunua linalonitosha mimi na mama yangu na magoti yake. Akampa mwanawe radhi akabaki na hamu yake, hakumwambia mtu, kama alivyobaki na lile gari la Qurum. Mimi niliyekuwa nasema kutwa nilidhani ni mimi peke yangu ninayemtaka mtoto arudi.

Nilivaa koti nikatoka. Nilimkuta binti yangu mlangoni, nikamwambia anisaidie kuitoa ile sufuria.

"Tunaipeleka wapi?"

"Popote. Wape watu, wale."

Watu walikuwepo. Wanawake waliokuwa wakisafisha vyumba, watu wa Meksiko kwa maumbile yao, walikuwa wamekaa kwenye benchi nyuma ya hoteli na vikombe vyao, wanangoja zamu ianze. Nilibaki kando na chupa ya chai. Mwanangu aliweka sufuria kwenye meza, akafungua blanketi, akasema nao. Alisema Kihispania. Sikujua kama mwanangu anajua Kihispania. Alisema haraka haraka, na mmoja wao, mama mnene mwenye kilemba cha maua, akamjibu jambo, na mwanangu akacheka kile kicheko chake cha kurudisha kichwa nyuma, ambacho nilikuwa nadhani kinapatikana Mabela peke yake.

Wakala, ya baridi vile vile, na sambusa, na katlesi zote. Yule mwenye kilemba alikuja akanishika mikono yangu akasema maneno mengi. Nikamwuliza mwanangu anasemaje.

"Anasema umenilea vizuri."

"Kajuaje?"

"Kila mwezi nakuja huku kupima visima," akasema. "Nalala hapa. Ananijua." Akaona haya kidogo. "Nilipoumwa aliniuguza, mama. Sikukwambia usije ukaingia wasiwasi."

Nilimshukuru yule mwanamke kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha nyingine zote zilinikimbia. Kuna mtu alimkanda mwanangu kichwa kwa maji, nami niko Mabela nafungua madirisha. Wivu ulinishika, sitaki kudanganya. Na nyuma ya wivu kukaja kitu kingine kilichokuwa kigumu zaidi kukimeza: mtoto hakuwa amepotea. Alikuwa na mahala. Nilikuwa nimekuja kumwokoa na hakuna kilichokuwa kimemkamata.

Buti likawa jepesi. Pazia likashushwa. Mume wangu alimpa mwanawe ufunguo, akasema yeye leo anataka kukaa nyuma, na tulidhani anafanya adabu mpaka tulipomwona akijipenyeza huko, mzee mzima, akanyoosha mikono juu ya viti pande zote mbili na kuvua kofia. Mwanangu akabonyeza. Lile paa likainuka, likajikunja, likazama nyuma yake taratibu, na mbingu ikatushukia yote kwa mara moja. Nilipogeuka, upara wa mume wangu ulikuwa unang'aa na machozi yalikuwa yanamtoka. Alisema ni baridi.

Tukashika barabara. Sikuwa najua kwamba gari la wazi lina kelele hivi. Upepo unakupiga masikioni, mtandio nimeuzungusha mara mbili nikaubana kwa pini, na bado unataka kwenda zake. Mwanangu alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, amevaa miwani ya jua, mdomo wake unacheka wenyewe. Hakuwa tena na ile sauti ya kuomba. Nadhani alikuwa ameshaamua kutoniomba. Angerudi Maskati kimya kimya, mtoto wa baba yake, akae kwenye vyumba vyangu vya juu, na mimi nisingepata kulijua alilolitaka.

Nikasema, "Nimekupa radhi yangu. Kaa."

Maneno yakaenda na upepo. Hata mimi sikuyasikia. Nilihisi tu kwamba mdomo umesema, na ilikuwa rahisi, kama kusema ukiwa peke yako.

Mwanangu akanigeukia. Akapunguza mwendo, akaliingiza gari pembeni kwenye changarawe, akalizima. Kukawa kimya.

"Umesema nini, mama? Sijasikia."

Ningeweza kumwambia nimesema baridi. Angefunga paa, angewasha joto, na tungeendelea. Mume wangu nyuma alikuwa anayatazama majabali kwa makini.

"Nimesema nimekupa radhi yangu," nikasema. Mara hii nilijisikia. "Uwajibu hao watu. Ukae kwenye kazi yako."

Alivua miwani. "Kwa moyo wako? Au kwa ajili ya baba?"

"Kwa moyo wangu."

Moyo wenyewe ulikuwa unasema mengine, lakini radhi haitolewi nusu, na mtoto niliyemfundisha mwenyewe angeijua nusu kwa kuisikia. Akaubusu mkono wangu, akauweka juu ya kichwa chake, akalia pale kwenye usukani kama alivyokuwa analia mdogo, kwa sauti, bila ya aibu. Nilimpapasa. Sikulia. Nilikuwa nashughulika kuuambia moyo wangu ufuate mdomo.

Tuliporudi Maskati, mama yangu alikuwa pale pale tulipomwacha, mbele ya tamthilia nyingine. Alinitazama nikivua viatu.

"Enhe. Kala?"

"Kala, mama. Kala sana."

"Anarudi lini?"

"Nimempa radhi. Anakaa."

Alinyoosha mkono akapunguza sauti ya televisheni, jambo asilolifanya hata kwa wageni. Akakanda goti lake. "Basi usije ukamlilia kwenye simu," akasema. "Ukimlilia umeichukua tena. Mimi mama yangu, tangu nimeondoka Unguja mpaka anakufa, hakunililia hata siku moja. Wallahi nilidhani hanipendi." Kisha akaipandisha sauti, akaniuliza kama nimeleta kitu cha kutafuna.

Binti yetu hupiga Ijumaa, sisi tumeshakula, kwake ndiyo kunakucha. Ananieleza habari za visima na za yule mama mwenye kilemba, ambaye sasa anampelekea chakula. Mimi namweleza bei ya samaki na kamba, harusi za watu, barabara iliyochimbwa tena. Nachekesha. Nimekuwa mchekeshaji uzeeni. Nikiisha kuikata simu naingia chooni nafungulia maji, na mume wangu anajua asinigongee.

Ijumaa iliyopita binti yetu alinikatiza katikati ya habari za harusi. Kisha akasema, "Mama, unanikumbuka lakini?"

Baba yake, aliyekuwa kando yangu, akaacha kutafuna.

"Kidogo," nikamwambia.